Mama wa Steringi

Ilikuwa mwaka 2022. Hapana, 2023, maana mwaka 2022 banda la video la Mustafa pale Magomeni ya huku kusini lilikuwa bado la makuti, na siku ile ya mzee Adelino mvua ilipiga bati mpaka watu wakasemezana kwa kelele.

Adelino alikuwa fundi wa kusuka vitanda vya kamba. Leo yuko Mikindani, kesho Ufukoni, keshokutwa humwoni, kashika njia ya vijiji vya kando ya mto Ruvuma. Alizaliwa ng'ambo, Msumbiji, akaonja shule ya misheni kidogo, akaokota Kireno chake, kisha vita vikamvusha mto na wenzake. Mama yake alibaki upande ule. Alisema atafuata.

Kila akipita Magomeni aliingia kwa Mustafa. Humo ndimo alimoona sehemu ya kwanza na ya pili ya ile sinema ya watu wanaopigana na mashine. Mwisho wa sehemu ya pili, mama wa steringi, yule kijana shujaa wa sinema, anabaki nyuma kushikilia mlango wa chuma ili mwanawe apate kukimbia. Mtafsiri wa Dar es Salaam, ambaye sauti yake hupandishwa juu ya picha, akasema: "Mama ndiyo kafa hivyo, Mungu amrehemu." Banda zima likasikitika. Adelino akakataa.

"Mmeona maiti? Mlango tu umefungwa."

"Babu, mtafsiri kasema kafa."

"Mtafsiri alikuwepo?"

Wakamcheka. Tangu hapo ikawa kazi yake kuulizia sehemu ya tatu, na Mustafa kumjibu yaleyale: "Haijatafsiriwa, mzee wangu."

Basi Dercio, mchuuzi wa vitenge anayevuka mto kila mara, akaleta flashi. Sehemu ya tatu hiyo, ila watu wote ndani yake wanasema Kireno. Mustafa akamfuata Adelino mpaka Ufukoni, akamkuta kwa Bi Sharifa, kitanda kimesukwa nusu.

"Mzee, acha kamba. Leo mtafsiri ni wewe."

"Na mimi nilale wapi, hewani?" Bi Sharifa akapayuka. Adelino alikuwa keshatoka uani.

Bandani alishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mashine zikaanguka, watu wakapiga makofi. Halafu mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mwenye mvi.

"Yule mama!" Adelino akapaza sauti. "Yupo! Anasema, 'Mwanangu, nimechelewa.'"

Banda likalipuka. "Huyo si alikufa?" "Babu, usitudanganye!" Issa, dereva wa bodaboda, akasimama juu ya benchi: "Toka sehemu ya pili unamtetea huyo mama. Leo umepewa maiki, unamfufua!"

"Nasema anachosema yeye!"

"Tafsiri sinema, usitafsiri moyo wako!"

Mustafa aliona benchi zake zinakaribia kuvunjwa. Akamnyang'anya kipaza sauti. "Jamani, tulieni. Huyo siyo mama. Ni mashine imevaa sura ya mama."

"Ahaa!" wakaitikia wote, wakaketi.

Kireno Mustafa hajui hata neno la kuombea maji. Lakini akaendelea kutunga, kwa sauti kubwa, na Adelino akasogea akabandika sikio kwenye spika asisikie ila Mustafa. Mwishoni mashine zote zikazimika. Yule mama akamshika mwanawe mashavu, akasema maneno marefu, taratibu. Adelino aliiona midomo tu.

"Mashine inaomba msamaha!" Mustafa akanguruma. Watu wakacheka. Kijana kwenye picha alikuwa analia.

Asubuhi Adelino alirudi. "Niwekee pale mwisho tu. Bila wewe kusema."

"Nimeifuta, mzee. Flashi nimeiwekea mechi."

Akamtafuta Dercio. "Mimi nauza vitenge, baba. Sikuitazama hata mimi, na aliyenipa simjui."

Akaenda kummalizia Bi Sharifa kitanda chake. Alivuta kamba kwa hasira mpaka ikamchana vidole, na Bi Sharifa analalamika mpaka leo kwamba kitanda ni kigumu kama sakafu.

Angali anatembea na mzigo wake wa kamba. Huko Ruvuma, akikutana na mtu yeyote aliyetoka ng'ambo, hata maji haombi kwanza. Anamweleza ile sinema, mlango wa chuma, mvi, mashavu, kisha anauliza: yule mama alimwambia nini mwanawe?