Password Niliyompa Kaka

Nilitoka kwa mume wangu Londiani na begi moja na laptop, nikarudi nyumbani Kiptere kwa Mama na kaka yangu. Usiniulize sana kwa nini. Mtu haachi shamba la viazi alilolima kwa mikono yake eti kwa kupenda kutembea. Nilitaka kitu kimoja tu: kazi ya kufundisha, mahali ambapo yule mtu hatanifikia.

Kwetu hilo si jambo rahisi. Siku ya harusi ya kimila wazee huwafunga bwana na bibi nyasi mkononi, na ikishafungwa hakuna wa kuifungua. Hata ukizeekea kwenu, wewe bado ni bibi ya yule. Kaka alikuwa amekaa pale nikifungwa. Lakini niliporudi alinitengea chumba, akanimiminia mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, akasema, "Hapa ni kwenu, dada." Nililia. Nikasema, Mungu, asante kwa huyu.

Nikaanza kutuma maombi ya kazi. Simu yangu ilikuwa ya kubonyeza, haina intaneti, kwa hivyo kila kitu nilifanya kwa laptop. Shule moja ya Kericho mjini ikaniita kwa usaili. Sikumwambia mtu yeyote. Kufika getini, nani huyo? Mume wangu, na koti lake la kanisani! Alikuwa ameshawaambia wakubwa wa shule kwamba mimi nimetoroka boma na akili zangu si sawa. Hata kiti sikupewa.

Nilijua tu siri imevujia kwa laptop. Mume wangu alikuwa ameishika miezi mingi kule Londiani. Nikaipeleka kwa fundi, mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa mwenye kibanda karibu na stendi. Aliifungua, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Madam, hii ni choo ya stendi. Kila mtu anaingia."

Akanieleza. Ilikuwa Windows ya zamani, haijawahi kupata masasisho, na antivirus yake ilikuwa ya wizi. Tena mimi niliitumia kama mwenye mamlaka yote, kwa hivyo kila takataka niliyobonyeza, kila flash ya watu, ilipata mamlaka hayo hayo. Na wanaotengeneza virusi hulenga Windows kwa sababu ndiyo iko kwa watu wengi. Akafuta kila kitu, akaniwekea mfumo mwingine, Linux. "Kwa hii, programu ikitaka kuingia ndani kabisa, lazima password. Kompyuta za Mac pia huuliza hivyo. Haimaanishi hakuna virusi, lakini mgeni hatajiingiza tu hivi hivi."

Nilirudi nyumbani nimechangamka. Nikamweleza kaka, maana yeye ni karani kwenye kituo cha majani chai na anajua kompyuta kuliko mimi. Akasikiliza vizuri sana. Halafu akasema, "Niachie hiyo password, dada. Ikigoma nitakusaidia."

Nikampa. Ningemnyimaje? Nalala kwake, nakula kwake. Msichana aliyerudi kwao hana kitu cha kumficha kaka yake, ndivyo tulivyolelewa.

Shule ya pili ilikuwa upande wa Kabianga. Kumbe! Mume wangu huyo tena, amesimama na mwalimu mkuu kama marafiki wa zamani. Safari hii sikungoja kufukuzwa. Nilienda moja kwa moja kwa fundi nikamfokea mbele ya wateja wake. "Si uliniambia hii haiingiliki?"

Alikagua polepole, kisha akanigeuzia kioo cha laptop. Kulikuwa na programu inayopiga picha za kioo changu na kuzituma kwa barua pepe. Anwani nikaijua, ya mume wangu. Haikuingia na virusi. Mtu alikuwa ameketi, akaandika password yangu, akaiweka, Jumapili saa za ibada.

"Nani mwingine ako na password?" akauliza.

Jumapili hiyo mimi na Mama tulienda kanisani. Kaka alibaki, ng'ombe alikuwa anazaa.

Haki ya Mungu, nilitamani fundi aniambie ni virusi. Virusi ningevivumilia. Huyu ni mtu aliyenimiminia mursik, kumbe kazi yake ni kunichoma kwa mume wangu.

Fundi alitaka kuiondoa ile programu. Nikamwambia aiache. Nikarudi nyumbani nikanyamaza. Maombi yangu ya kweli niliyaandika kwa kalamu, nikayapeleka mwenyewe shule moja ya Bomet, nao wakaniita Alhamisi. Kisha kwenye laptop nikajiandikia barua kwamba nimeitwa usaili shule fulani ya Kericho, Alhamisi hiyo hiyo asubuhi.

Hakuna aliyenisubiri getini Bomet. Nilifundisha somo la majaribio huku mvua ikipiga mabati, wakasema nianze Jumatatu. Nilikuwa na furaha, lakini hasira bado haijaniisha.

Jioni nilimkuta kaka sebuleni. Nikamuuliza waziwazi. Hakukana hata kidogo.

"Wewe ni bibi ya watu," akasema. "Nilikuwa pale nyasi ikifungwa. Ulitaka nifanye nini?"

Nikamgeukia Mama, aliyekuwa anasonga ugali jikoni, mlango uko wazi. Nilitaka aseme neno moja tu, amkemee mwanawe, hata akohoe. Yeye hakujua lolote kuhusu kompyuta, nilidhani. Sikuwa nimemwambia habari za Kericho, wala Alhamisi, wala barua.

Mama hakuacha kusonga. "Bwana yako amenyeshewa pale getini Kericho tangu asubuhi," akasema. "Hata huruma huna?"

Nikaingia chumbani nikaanza kukunja nguo zangu.