Maelezo Yaliyoanza na Laiti

Jumanne tarehe 12 Machi 2019, saa nne na dakika mbili asubuhi, mwendesha boila wa kiwanda kimoja cha kufulia alilipia dawa ya presha ya mama yake katika duka la dawa la mtaa wa pili. Saa imechapwa kwenye risiti. Daftari la chumba cha boila, kwa mwandiko wake yeye yule, linasema kwamba saa nne kamili alikuwa mbele ya kioo cha maji, akakuta maji nusu, presha saba, hali ya kawaida. Kutoka kwenye boila hadi dukani ni mwendo wa dakika kumi, ukihesabu na upekuzi wa mlinzi langoni.

Kiwandani wanamwita Bi Mvuke. Ana miaka arobaini na sita, hana mume wala mtoto, anaishi vyumba viwili na mama yake. Aliingia pale akiwa mfagiaji wa uwanja. Mafundi walipokuwa wakipumzika yeye alisimama mlangoni na ufagio wake akiuliza kila bomba linakwenda wapi, mpaka mmoja akamwambia, “Mama, ama ufagie, ama ukafanye mtihani.” Akafanya mtihani. Alishindwa mara mbili, akapita ya tatu, akapewa cheti cha kuendesha boila. Miaka kumi na tisa amekula kwa cheti hicho. Bila hicho hakuna chumba cha boila popote kinachoweza kumwajiri.

Kazi yenyewe ni ya macho zaidi kuliko mikono. Boila linatoa mvuke wa kuoshea na kupigia pasi shuka za hospitali na hoteli. Kila baada ya nusu saa anayekuwa zamu anasoma kioo kinachoonyesha maji yaliyomo ndani, anasoma presha, anaandika na kutia sahihi. Zamu ya alfajiri inaisha saa nne. Sheria inasema anayetoka asiondoke mpaka anayeingia afike, na mstari wa kwanza wa zamu mpya uandikwe na anayeingia.

Waendesha boila watano wa kiwanda hicho walikuwa na sheria yao nyingine, waliyoiita salamu. Anayetoka humwandikia mwenzake mstari wa kwanza kabla ya saa kufika, ili msimamizi akipita asione nafasi tupu na kujua kwamba mtu amechelewa. Hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha. Mtu akikuta mstari wake uko tayari, alisema, “Salamu zimefika,” akaenda kutundika koti lake. Aliyekuta nafasi tupu alijua amemuudhi mtu.

Asubuhi ile Bi Mvuke alipaswa kupokewa na mume wa mdogo wake. Yeye ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi hiyo. Shemeji alikuwa mtu wa kuchelewa, lakini hakuwahi kukosa kufika. Mama alikuwa amekaa siku mbili bila dawa. Saa tatu na dakika arobaini Bi Mvuke alisoma kioo: maji nusu. Presha saba. Pampu ya maji ilikuwa inafanya kazi, aliisikia. Akaandika salamu ya saa nne, akatoka. Katika miaka kumi na tisa hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuliacha boila peke yake.

Mkaguzi wa maboila alikuja kuona baadaye kwamba pampu ilijizima dakika chache tu baada ya Bi Mvuke kutoka. Kengele ya kuonya maji yakipungua ilikuwa mbovu tangu Januari, na ubovu huo umeandikwa mara nne katika daftari hilohilo, mara tatu kwa mkono wa Bi Mvuke. Shemeji alifika saa nne na dakika kumi. Akaliangalia daftari, akatundika koti, akakaa. Alipoinua macho saa nne na dakika ishirini, kioo kilikuwa kitupu.

Kioo kikiwa kitupu, kila mwenye cheti anajua la kufanya: zima moto, usiguse pampu. Lakini daftari lilikuwa limemwambia kwamba dakika ishirini zilizopita maji yalikuwa nusu, kwa hiyo akadhani yameshuka punde tu. Akabonyeza pampu. Maji baridi yakakuta chuma kilichokauka na kuwaka. Bomba moja lilipasuka, mvuke ukamchoma mikono yote miwili na upande wa kushoto wa uso. Jicho la upande huo daktari hajalitolea neno.

Bi Mvuke alipewa fomu ya maelezo siku ya pili, ya kupelekwa mbele ya kamati ya uchunguzi. Juu yake pameandikwa: “Eleza ulichokiona na ulichokifanya. Usieleze ulichokuja kukijua baadaye.” Alikaa nayo mezani jikoni, mama yake akikohoa upande wa pili wa pazia, na neno la kwanza aliloandika lilikuwa laiti. Laiti ningebaki. Akachana. Karatasi ya pili ilianza na laiti ningemsubiri shemeji. Ya tatu, laiti kengele ingetengenezwa.

Hiyo ya tatu ndiyo aliyomwonyesha mwakilishi wa wafanyakazi, mwanamume mfupi anayetembea na kijitabu cha kanuni mfukoni, na ambaye kwa sababu hiyo anaitwa Katiba. Walikaa kwenye benchi nyuma ya bohari la sabuni.

“Umeanza na laiti,” Katiba akasema. “Haya ni maelezo au barua ya mapenzi?”

“Ni maelezo.”

“Laiti ni ya msibani, Bi Mvuke. Mwenyekiti akiiona hapa anasoma hivi: alijua, akapuuza.”

“Ningekuwa najua ningesema laiti ya nini? Anayesema laiti ni yule ambaye hakujua.”

“Hayo kamwambie mwalimu wa lugha. Mimi nakuelezea kamati. Majuto ni mjukuu, dada yangu.”

“Sina hata mtoto, huyo mjukuu kanipitia wapi?”

Katiba alicheka, kisha akaacha. Akamwambia afute yote, aandike kwamba alisoma kioo saa nne kamili, maji yalikuwa nusu, ndipo akaondoka. Boila likikauka baada ya hapo, ni la aliyelipokea.

“Na risiti?”

“Risiti nani kaiona?”

“Mimi,” Bi Mvuke akasema.

Alhamisi jioni alikwenda hospitali. Mdogo wake alikuwa kwenye korido ya wodi ya majeruhi, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na alianza kabla ya kusalimiana.

“Dada, andika kwamba alifika saa nne.”

“Saa nne mimi nilikuwa wapi?”

“Sema mlipishana mlangoni. Wakijua alichelewa watasema kajichoma mwenyewe. Wewe utapata kazi nyingine. Yeye mikono ndiyo hiyo.”

“Kazi gani, bila cheti?”

“Yoyote. Hata ya kufagia.”

“Huko ndiko nilikoanzia.”

“Basi rudi,” mdogo wake akasema, akainuka kwenda kumwaga maji ya ndoo.

Ndani, shemeji alikuwa amefungwa bendeji kuanzia viwiko hadi ncha za vidole, na nusu ya uso. Alimjua kwa hatua zake.

“Shemeji,” akasema. “Salamu zako nilizikuta.”

Bi Mvuke alisimama pale akingoja kujua kama huo ni utani. Chini ya bendeji hapakuonekana kitu. Alikaa naye robo saa, akamnywesha maji kwa mrija, akaondoka.

Laiti ni neno linalotazama nyuma tu, na lina hila. Humfanya msemaji aione siku iliyopita kana kwamba mlango wa hatari ulikuwa umepakwa rangi nyekundu naye akaupita makusudi. Usiku huo Bi Mvuke alijaribu kuirudia Jumanne bila kile alichokijua Alhamisi. Maji nusu. Presha saba. Pampu inanguruma. Mama hana dawa. Aliirudia mara nyingi, na kila mara alipofika saa tatu na dakika arobaini aliona vilevile: kwa alichokijua wakati ule, angeondoka tena. Ilikuwa vibaya kuondoka, lakini asingebaki. Kila sentensi aliyoianza kwa laiti ilikuwa inambuni mwanamke mwingine, mwenye busara kuliko yeye, ambaye hakuwapo chumbani asubuhi ile.

Palibaki jambo moja ambalo halikuhitaji kujulikana baadaye. Alipoandika saa nne alijua kwamba saa nne haijafika.

Maelezo aliyopeleka yana mistari kumi na moja. Yanasema kwamba aliondoka saa tatu na dakika arobaini kwenda kununua dawa, kwamba hakumsubiri anayempokea, kwamba usomaji wa saa nne aliuandika yeye kabla ya wakati, na kwamba mwenzake aliuamini. Yanasema pia kwamba waendesha boila wote watano wamekuwa wakiandikiana hivyo kwa miaka mingi, naye akiwamo. Risiti ameibana kwa pini. Neno laiti halimo.

Katiba aliyasoma amesimama. “Umejizika,” akasema, “na kaburi umelichimba pana. Wanaingia watu watano.”

Alikuwa amehesabu sawasawa. Siku iliyofuata msimamizi alichukua madaftari ya miaka sita. Waendesha boila wengine watatu wamepewa barua za kujieleza. Mmoja wao, ambaye Bi Mvuke alimfundisha kusoma kioo, alikutana naye langoni akahamia upande wa pili wa barabara. Shemeji amepelekewa barua yake hospitalini, na kwa kuwa hawezi kushika kitu, aliyeifungua na kumsomea ni mkewe. Tangu siku hiyo simu ya Bi Mvuke kwa mdogo wake inaita mpaka inakatika. Mama, anayekunywa dawa yake asubuhi na jioni, anaambiwa kwamba binti yake yuko likizo.

Kamati itakaa Jumatatu tarehe 25 Machi, saa tatu asubuhi, mkaguzi akiwapo. Bi Mvuke ametakiwa afike na cheti chake chenyewe, si nakala.