Wimbo wa Nyongeza

Jumamosi iliyopita, kwenye kivuko cha kutoka Kamanga kurudi mjini, binti yangu alinichomekea hedifoni yake sikioni bila hata kuniomba ruhusa. "Mama, msikilize huyu," akasema. Nikasikia kinanda kidogo na kijana analalamika kwa sauti laini, nikaichomoa kabla hajafika kwenye kiitikio. Nikamwambia nyimbo zangu zinanitosha. Akacheka, akasema simu ndiyo iliyompendekezea huyo mwimbaji. Simu! Ndugu yangu, sisi Mkuyuni, mtaani kwetu hapa Mwanza, tulikuwa na mtu mzima kabisa wa kazi hiyo.

Nilikulia kwa bibi yangu mzaa baba, mjane aliyehamia Mwanza kutoka Kagera, asiyeweza kuishi bila vitu viwili: ndizi za kupika na kwaya za kanisani. Redio kaseti yake ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na ilikuwa na sheria moja tu. Asiiguse mtu mwenye mikono ya utomvu. Kama umewahi kumenya ndizi mbichi unaujua ule utomvu: unanata, unageuka mweusi, na hautoki mpaka ujipake mafuta ya kupikia na kusugua weee. Bibi mwenyewe aliifuata hiyo sheria kuliko mimi.

Kanda zake alirekodiwa na fundi wa kanda, jirani yetu nyumba ya tatu, mzee wa Kiislamu mwenye kofia ya kufuma na penseli sikioni. Penseli ilikuwa ya kuzungushia kanda, asimalize betri. Unampelekea kanda tupu, unamtajia unachotaka, kesho yake unachukua. Sasa, yule mzee hakupenda kanda iishe kimya. Kama wauza dagaa wa sokoni wanavyokuongezea kiganja juu ya kipimo, naye akibakiwa na nafasi mwishoni mwa upande alikujazia wimbo ambao hukuuomba, wa mwimbaji usiyemjua, aliokuchagulia kwa kukuangalia tu usoni. Aliuita nyongeza. Jina la mwimbaji hakuliandika popote. Ukiupenda, rudi uulize, na ukirudi huondoki bila kuagiza kanda nyingine. Mjanja yule mzee, jamani.

Siku moja bibi alirekodiwa kwaya ya Pasaka. Jioni tukaiweka. Kwaya ikaimba, ikamaliza, na bibi akiwa bado anajifuta machozi likaingia gitaa. Gitaa moja, taratibu, halafu sauti ya mwanamke anayeimba kama mtu anayebembeleza mtoto huku akiwaza mambo yake. Sikuwahi kusikia kitu kizuri namna ile, vinyweleo vilinisimama. Bibi alifanya ishara ya msalaba, akaizima redio, akasema fundi amemchanganyia pombe kwenye maji ya baraka. Kesho yake nikatumwa nimwambie aufute.

Nilikwenda najivuta. Nikampa fundi shikamoo, nikaanza kumweleza, na machozi yakanitoka kabla sijamaliza, maana wimbo wenyewe nilikuwa nimeusikia nusu tu na tayari unakwenda kufutwa. Akaniangalia, akaizungusha kanda kwenye penseli yake, akanirudishia vilevile.

"Mwambie bibi yako ausikilize mara tatu mpaka mwisho," akasema. "Baada ya hapo akisema nifute, nafuta."

Bibi alisonya, akasema muda huo hana. Jioni tulipoiweka tena, kwaya ilipokaribia mwisho alikuwa ameshasimama, kidole kwenye kitufe. Hapo akili yangu ya kitoto ikaanza kazi. Upande mmoja wa kanda ulikuwa nusu saa. Nikiiwasha kabla ya kuleta beseni la ndizi, nyongeza itaanza mikono yetu sote wawili ikiwa imejaa utomvu.

Mara ya kwanza mambo yalikwenda nilivyopanga. Gitaa likaingia, bibi akanyanyuka na kisu mkononi, akatazama vidole vyake, akanitazama mimi, nikamwonyesha vyangu. Akakaa. Alimenya kwa hasira, maganda yanaruka huku na huku, mpaka wimbo ukaisha. Mara ya pili alinung'unika kidogo tu, na nikaona kisu kimepunguza mwendo. Nami nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo.

Siku ya mara ya tatu hatukupika ndizi. Ilikuwa ugali na sangara, tumeshakula, tumeshanawa, na kanda bibi aliiweka mwenyewe. Nikajua leo ndiyo basi. Kwaya ilipoisha nikafumba macho nisimwone akizima. Gitaa likaingia, likaendelea, yule mwanamke akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili. Nikafumbua macho. Bibi ameketi, mikono mapajani, misafi kabisa, inanukia sabuni.

"Bibi, nizime?" nikauliza.

"Acha," akasema. "Mikono yangu ina utomvu."

Asubuhi akanituma nikamuulize fundi huyo mwanamke ni nani, ila nisiseme nimetumwa. Fundi alinitajia bila kucheka, akauliza bibi anataka kanda nzima lini. Baada ya miezi michache kabati lilijaa waimbaji kutoka kila upande, na Jumapili baada ya Misa majirani wakija kutafuna kahawa, zile punje kavu za kwao Kagera, bibi ndiye aliyekuwa anawaambia msikilizeni huyu, sasa msikilizeni na huyu, utadhani kawazaa yeye.

Bibi hayupo tena. Fundi alihamia Mkolani, akafia huko, na kibanda chake kinauza kava za simu. Redio ninayo, haiimbi, lakini kitambaa chake nakifua. Nawakumbuka sana wale wazee wawili, nisikufiche.

Kivuko kilipokaribia Mwanza ndipo wazo likanijia: simu ilimchagulia binti yangu, sawa, lakini mimi aliyenichagulia ni yeye. Nikamwomba hedifoni, nikamwambia aurudishe mwanzo. Kijana akalalamika, kiitikio kikaja, na kumbe kizuri. Watu walishaanza kubeba mizigo yao.

"Mama, tunashuka. Nizime?"

"Acha kwanza," nikamwambia. "Mikono yangu ina utomvu."

Akaitazama mikono yangu, misafi, imeshika pochi. Akaniangalia usoni, halafu akaketi tena.