Wa Akiba Tu

Kila Novemba, siku ya kuwaenzi waliotumikia jeshi, shule yetu hukusanyika ukumbini na mkuu wa shule huwaomba wote waliowahi kuvaa sare wasimame. Wazee husimama kwa kushikilia migongo ya viti. Fundi bomba husimama. Mchungaji wa kanisa la Kilutheri husimama, jambo linalowashangaza wageni. Lakini Janelle Skogstad, mpishi wetu, ambaye muda huo huwa tayari yuko wima kwenye mlango wa jikoni na kofia yake ya wavu, huinama ghafla kutazama ndani ya jiko la kuokea.

Mimi nafundisha historia hapo shuleni, na ni jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Kwa miaka kadhaa nilidhani ni sadfa. Kisha nikaanza kumvizia kama mtu anavyomvizia ndege dirishani, nikagundua kwamba jiko lile huwa tupu. Chakula huwa kimeshapakuliwa. Mwanamke yule huinama kutazama giza na vyuma, mpaka makofi yaishe.

Na bado, mara moja kwa mwezi, alfajiri ya Jumamosi, nilikuwa nikimwona akitoka kwake na buti na sare ya mabaka, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, akienda kambini. Wiki mbili za kila kiangazi alikuwa huko huko, akiendesha lori la maji. Mwaka ule mto ulipofurika ni yeye na wenzake waliokuja na magunia ya mchanga kuuzuia usiingie mjini, na nilimwona kwa macho yangu amezama kwenye matope hadi mapajani, akimtukana mtu aliyefunga gunia vibaya. Alikuwa na miaka kumi na moja katika jeshi la akiba la jimbo letu la Dakota Kaskazini. Kama huyo si askari, nilijiuliza, askari ni nani?

Jibu sikulipata mpaka mwaka nyumba ilipotaka kumponyoka.

Nyumba yenyewe haikuwa yake. Alikuwa amepanga kwa mzee Vernon Odegaard, mtu asiyependa maneno, ambaye tanuri la kupasha nyumba joto likizimika alikuja na bisibisi kabla hujamaliza kumweleza. Janelle aliishi humo na mama yake, Ardith. Mama huyo macho yake yalikuwa yamefifia kidogo kidogo, kama taa inayopunguzwa utambi, hadi yakazima. Lakini yalizima akiwa ndani ya nyumba ile, kwa hiyo aliijua kwa viganja. Alikwenda jikoni kwa kugusa fremu ya mlango, akageuka kwenye kona ya kabati, akamimina kahawa kwa kusikiliza sauti ya kikombe kinavyojaa. Mpeleke nyumba nyingine, naye angekuwa kipofu upya.

Kiangazi kile Vernon alifariki. Binti yake Gretchen, anayeishi Bismarck, alikuja kuzika, akakaa siku mbili, akasema anauza. Kulikuwa na bwana mmoja aliyetaka nyumba awapangishe wafanyakazi wa visima vya mafuta, na fedha yake ilikuwa tayari mkononi. Kwa heshima ya baba yake, Gretchen alimpa Janelle nafasi ya kwanza, mpaka mwisho wa Septemba. Benki ya mjini ikamwambia Janelle kwamba mshahara wake unatosha kulipa mkopo kila mwezi, ila aje kwanza na malipo ya mwanzo. Hayo hakuwa nayo.

"Askari wa akiba asiye na akiba," Ardith alisema kibarazani, akicheka peke yake. "Mungu ana utani."

"Mama, hujachoka?"

"Nimeanza tu."

Nilikuwa nimeegemea nguzo yao na kikombe cha kahawa. Nikasema, kwa uangalifu, kwamba nimesikia jeshi lina mikopo ya nyumba isiyodai malipo ya mwanzo.

"Hiyo ni ya maaskari, mwalimu," Janelle alisema.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni wa akiba tu."

Neno hilo "tu" nimelisikia maisha yangu yote katika mji huu. Mwulize yeyote wa kikosi chao, atalitia mwishoni bila kufikiri, kama tunavyotia chumvi. Wa akiba tu. Lakini Janelle alilisema akitazama pembeni, na udadisi wangu, ambao mke wangu huuita ugonjwa, ukaamka.

"Benki walikuuliza kama umetumikia jeshi?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana."

Ardith aligeuza uso kuelekea sauti ya mwanawe. "Hapana? Zile soksi ninazokukunjia kila mwezi ni za nani, za sungura?"

Janelle aliingia ndani, na mlango wa wavu ukajibamiza nyuma yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya mazoezi ya mwezi, Sajini Delmar Azure alimfuata nyumbani kula, kama alivyokuwa akifanya mara nyingi. Delmar ni mtu wa Turtle Mountain, eneo la Wamarekani wa asili, mpana kama mlango wa ghala, na sikio lake la kushoto halisikii tangu mlipuko wa Irak. Nilialikwa, au nilijialika, sikumbuki vizuri. Meza ilikuwa na bakuli la nyama ya kusaga iliyookwa na viazi, na maharage mabichi. Ardith ndiye aliyelipua jambo.

"Delmar, kaa nikwambie upande wa sikio zima. Huyu dereva wako wa lori la maji ameiambia benki hajawahi kuwa jeshini."

Delmar alisimamisha uma hewani. "Skogstad? Ni kweli?"

"Afande, si mambo ya mezani haya."

"Mimi nakula mezani pako. Ni mambo ya mezani."

Janelle alisukuma sahani. Kisha akasema, na aliyasema mfululizo, kama mtu aliyeyabeba mpaka mikono imekufa ganzi. Kikosi kilipoitwa Irak, yeye goti lake lilikuwa limechanika mazoezini. Wakaenda wenzake, yeye akaachwa kambini kujibu simu. Delmar alirudi na sikio moja. Wengine walirudi na majeraha mengine. Tangu hapo kikosini kuna watu wa aina mbili, waliokwenda na waliobaki, hata kama hakuna anayesema.

"Ninapika kwa ajili ya watoto mia mbili," alisema. "Najua sufuria. Mtu asiye na njaa akijipakulia, kuna mtoto mwisho wa foleni atakayekuta ukoko. Mikopo ile ni yenu. Nikichota mimi, kuna aliyekwenda atakayekosa nyumba. Siwezi."

Hilo ndilo lililokuwa ndani ya jiko tupu miaka yote. Nilitazama kitambaa cha meza.

Delmar alianza kucheka. Alicheka hadi akafuta macho kwa kitambaa cha kulia chakula, na Janelle akawa mwekundu shingoni.

"Unacheka nini?"

"Sufuria! Dada yangu, hakuna sufuria. Serikali haimpi mtu hela. Inakuwekea dhamana. Inamwambia mwenye benki, huyu akishindwa kulipa, njoo kwangu. Basi. Ni kama mimi nikienda dukani nikasema, mpe Skogstad ngazi, namjua. Nikisema hivyo kwa ajili yako, neno langu linakwisha? Siwezi kumsemea mwingine kesho?"

"Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo. Mimi nimeitumia mara mbili. Nyumba ya kwanza alibaki nayo mke wangu wa zamani, Mungu amweke huko huko. Na mtu wa akiba akitimiza miaka sita anastahili, awe amekwenda, awe amebaki na simu. Una mingapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja! Na tulipokuwa kule, simu hiyo aliipokea nani mama yangu alipolia kila Jumatano? Alijua jina lako kabla hajajua cheo changu."

Janelle aliinuka akaanza kuosha bakuli ambalo bado lilikuwa na chakula. "Mpishi," alisema Ardith taratibu, "rudisha nyama ya watu."

Alikwenda benki tena. Alimkuta karani yule yule wa mara ya kwanza nyuma ya meza, akaulizwa swali lile lile, na safari hii, aliniambia, alisema ndiyo kwa sauti kubwa mno hata mlinzi akageuka.

Mkopo ule lakini una masharti yake. Serikali haikubali kumdhamini mtu kwa nyumba itakayomdhuru, kwa hiyo ilimtuma mthamini. Bwana huyo aliizunguka nyumba mikono mgongoni, akasimama ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na upepo wa nyanda. Rangi ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na rangi za enzi nyumba ile ilipojengwa zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Alisema ukuta ukwanguliwe na upakwe upya, ndipo arudi. Gretchen, aliposikia kwa simu, hakufurahi.

"Huyu bwana mwingine hataki rangi, hataki kitu. Mimi sitoi hata senti, Janelle, na tarehe haisogei."

Wiki ile mvua ilinyesha. Wiki iliyofuata ikakauka, na Jumamosi wakaja watu wanane wa kikosi na ngazi, bila sare, na vitambaa puani. Walitandika plastiki chini, wakalowesha ukuta, wakakwangua. Walipopumzika, Ardith alitoka na glavu, akaupapasa ukuta ule kutoka kona hadi kona, akinong'ona. "Hapa bado. Na hapa. Nani alifanya hapa?"

"Ni mimi, mama," alisema kijeba mmoja.

"Wewe ulikuwa unaubembeleza."

Gretchen alifika katikati ya hayo. Nilimwona akishuka garini na nikajua, kwa alivyoshika mkoba, kwamba amekuja kusema basi. Alisimama kwenye nyasi akamtazama mwanamke yule kipofu akiisoma nyumba ya baba yake kwa vidole. Sijui alikuwa anafikiri nini. Nilimuuliza mwaka uliofuata, akasema alikuwa ana njaa. Ninachojua ni kwamba aliomba kahawa, akala viazi kwenye sahani ya karatasi, akamwambia Janelle, "Mpaka mthamini wako arudi. Si siku moja zaidi." Kisha akaenda nyuma ya gari lake kumpigia simu yule bwana mwingine, na kwa simu hiyo hakuwa na sauti ya upole.

Mthamini alirudi Alhamisi. Alizunguka tena, mikono mgongoni. Alisema ukuta ni mzuri.

Katikati ya Oktoba walitia saini hati za nyumba, na baridi ya kwanza ya kweli ikaja siku chache baadaye. Asubuhi moja nilivuka barabara kurudisha ngazi niliyoazima, nikamkuta Janelle jikoni na koti mwilini. Pumzi yake ilikuwa inaonekana. Tanuri lilikuwa limezima, naye alikuwa ameshika simu sikioni, akisubiri.

"Unampigia nani?" niliuliza.

"Mwenye nyumba," alisema.

Tulitazamana. Katika chumba cha pili Ardith alianza kucheka, kwanza polepole. Janelle aliishusha simu, akaitazama, akaiweka mezani. Kisha akachukua bisibisi kwenye droo na tochi, akafungua mlango wa ngazi za kwenda chini, mahali ambapo kwa miaka tisa hakuwahi kuwa na sababu ya kufika.

"Njoo, mwalimu," alisema. "Sijui hata linafananaje."