Mlango wa Chumba cha Mama

Siku hiyo tulikuwa tukipura ndengu, mama na fimbo yake, mimi na yangu, turubai katikati. Hatukuwa na mazungumzo mengi. Nilikuwa nimetoka Embu, mtaa wa Majimbo, ninakotengeneza pikipiki, nikaja kumchukua. Wezi wa mifugo wenye bunduki walikuwa wameshavamia vijiji viwili jirani na chetu, huku nyanda za chini za Meru, mbali na milima ya Laare, baridi yake na miraa yake. Wakubwa waliuita wizi wa ng'ombe. Waliokuwa wakizika watu waliviita vita.

"Mama, pakia vitu twende," nikamwambia.

"Niende wapi? Murungu ako hapa pia," akajibu, akimtaja Mungu kwa Kimeru, akaendelea kupiga ndengu.

Jibu hilo lilinichoma. Baba alipougua, niliamini kwamba mama alimwombea tu badala ya kumpeleka hospitali. Nilimwambia hivyo siku ya mazishi, mbele ya kanisa zima. Kisha nikaacha kanisa, na kwa miaka minne nikaacha hata kuja nyumbani. Simu yake niliipokea Krismasi tu. Mimi ni mtu wa kinyongo, na sikatai.

Saa tisa alasiri mbwa wa Kirimi walianza kubweka. Kirimi alikuwa jirani yetu, polisi wa akiba, mwenye bunduki moja kuukuu na watoto watatu. Ghafla mbwa wakanyamaza wote.

Risasi ya kwanza ilipiga bati la jikoni.

Tulikimbilia ndani. Nyumba ya mama ni ya mbao, isipokuwa chumba anacholala, ambacho baba alikijenga kwa mawe. Mama akafungua mlango wake, akaingia. Mimi nikasimama kizingitini.

Kwetu Meru, kijana akishatahiriwa haingii tena mahali mama yake analala. Mimi nilitahiriwa nikiwa na miaka kumi na minne, na sasa nilikuwa na thelathini na sita. Dini nilikuwa nimeitupa, lakini mila ilinishika miguu yote miwili. Risasi zinapita, na mimi nimesimama pale kama mgeni anayengoja kukaribishwa chai.

"Ingia!"

"Mama, huko ni kwako."

"Mwenda! Utakufa na adabu yako? Ingia!"

Akanishika shati, akanivuta.

Tukajibana chini ya kitanda. Nje ng'ombe walikuwa wakitolewa bomani. Bunduki ya Kirimi ilijibu, risasi moja moja, bila haraka.

Mama alianza kuomba kwa Kimeru, kwa sauti ya chini. Nikageuza uso nisimtazame, na pua yangu ikagusa bahasha kubwa ya kaki, ya picha za eksirei. Juu yake palikuwa na jina la baba. Nyuma yake palikuwa na nyingine, na kadi za kliniki zilizofungwa kwa raba. Ya juu ilikuwa ya mwaka mzima kabla hajafa.

"Kumbe ulimpeleka," nikasema.

"Nilimpeleka mpaka daktari akasema saratani imeshaenea. Baba yako akaniapisha nisiwaambie. Alitaka kufia kwake, nyinyi mmkumbuke akiwa na nguvu."

"Na ukanyamaza nikikutukana?"

"Niliapa, Mwenda. Ungetaka nifanye nini?"

Mlango wa mbele ukapigwa teke.

Mama akanishika mkono. Nikaanza kuomba pamoja naye, maneno niliyodhani nimeyasahau. Niliogopa, ndiyo. Lakini ndani ya ile hofu nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena: nilikuwa nimerudishiwa mama yangu angali hai.

Miguu ikapita sebuleni.

Bunduki ya Kirimi ikalia tena, karibu zaidi. Miguu ikatoka mbio.

Tulipotoka, boma lilikuwa tupu. Kirimi alikuwa amelala kwenye lango letu, si lake. Alikuwa amevuka shamba kuja kwetu.

Watu walidhani nitaondoka na mama. Hakutaka kuhama, nami sikumsihi tena. Jumapili baada ya mazishi ya Kirimi, kanisa letu la mabati lilijaa hadi nje. Bila kuniuliza, mama akasimama akatangaza kwamba mwanawe ataomba. Nikaenda mbele ya watu walewale waliosikia nikimtukana. Nikamwomba yeye msamaha kwanza, ndipo nikamgeukia Mungu. Wanawake wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu, mpaka mabati yakatetema, na mchungaji hakuwanyamazisha.

Miaka imepita. Ng'ombe hawakurudi, lakini mama bado analima palepale. Kila Jumamosi natoka Embu, na Jumapili tunaingia kanisani nimemshika mkono. Kwenye benchi la mbele yetu hukaa Nkatha, mjane wa Kirimi, na watoto wake. Saa iliyonirudishia mama ndiyo iliyomchukua mume wake, na sijawahi kupata maneno ya kumwambia.

Juzi kanisani aligeuka ghafla, nami nikauachia mkono wa mama haraka, kwa aibu.

Nkatha aliuona ule mkono.

"Mshike mama yako," akasema. "Kirimi hakufa ndio umwachilie."