Meno ya Kweli Ndani ya Boga

Marlys Kadlec alijifunzia kusoma chini ya kitanda, kwa sababu juu ya kitanda ndiko baba yake alikozoea kumtafuta kwanza. Emil Kadlec alikuwa mchinja nguruwe katika kiwanda cha nyama cha Kesler, mji mdogo wa Iowa uliozingirwa na mahindi pande zote. Alikuwa mpole mpaka anywe. Akishalewa, mkono wake haukuchagua: mke, mbwa, mtoto, wote walikuwa ngoma yake.

Marlys alikuwa na miaka tisa siku Emil alipoinama, akamshika mguu na kumburuta kutoka uvunguni akiwa na kitabu chake mkononi. Kilikuwa kimojawapo cha vile vya Mapacha wa Kinu, vitabu vyembamba vya jalada la kijani ambavyo kila mtoto wa mji ule alivisoma, na hicho kilikuwa kile cha Halowini, usiku wa kutishana kwa vinyago na maboga. Emil akamkanyaga mdomo kwa kisigino cha buti. Meno mawili yakang'oka. Mama yake akayafagia pamoja na makombo ya mkate, akamsokomeza mtoto kitambaa mdomoni, akamrudishia kitabu. Marlys akakimaliza huku anameza damu.

Alipofika miaka kumi na saba, aliingia jikoni akamkuta Emil amemkaba mama shingo, amemwinamisha juu ya jiko, nywele zimeanza kunuka moto. Pembeni kulikuwa na sepetu ya theluji. Marlys akaishika kwa mikono miwili akampiga nayo baba yake mkononi, akausikia mfupa ukikatika kama kijiti kikavu. Emil akaanguka. Marlys akampiga tena hapo chini alipolala, begani, na pigo hilo la pili halikuwa na sababu yoyote, maana mama alikwishaachiwa. Emil hakuwapiga tena tangu siku hiyo mpaka alipozikwa. Lakini kilichomkaa Marlys rohoni si hicho. Ni kwamba lile pigo la pili lilikuwa tamu, na yeye aliujua utamu wenyewe umetoka kwa nani.

Kwa hiyo akajichunga. Aliingia kiwandani alikokuwa baba yake, akapewa kisu kwenye mkanda unaopitisha nyama, akawa anatenganisha bega na ubavu mchana kutwa, na hasira zake zikaishia kwenye nyama. Hakuolewa. Mwanaume mmoja aliwahi kuhamia kwake na akawahi kumnyanyulia mkono. Alitoka siku hiyohiyo, pua imelala shavuni. Watu wa Kesler walimheshimu Marlys kama mtu anavyoheshimu mbwa asiyefungwa.

Rafiki yake alikuwa mmoja tu, Arlene Voss, dereva wa basi la shule, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumfikia mtoto wa kiti cha nyuma kabisa. Ni Arlene aliyeanzisha kile kikundi chao cha Jumamosi, cha watu wazima wanaosoma tena Mapacha wa Kinu na kubishana. Walikutana kwenye chumba cha chini cha maktaba. Mwaka ule akajiunga Krista Behrends, binti wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa amevinunua vitabu hivyo kwa ajili ya mwanawe Josie, naye akanogewa. Krista alikuwa mcheshi, ila alicheka mkono ukiwa mdomoni kila mara.

Jumamosi moja kabla ya Halowini, walitandika magazeti mezani, wakaleta maboga ya kuchonga na visu vya jikoni. Arlene akaleta kolachi, vikate vitamu vya plamu alivyooka mwenyewe, na birika la juisi ya tufaha ya moto. Zamu ilikuwa ya kile kitabu cha Halowini: watu wa mji wanaamka na kukuta maboga kwenye vibaraza vyao yamechongwa usiku, na midomoni mwa maboga mmepandwa meno ya binadamu. Mapacha wanafuata nyayo, wananusa nta ya mishumaa, mwishowe wanamnasa daktari wa meno, mzee Pell, aliyetaka kuwatisha watoto waache peremende. Wote wanacheka, kitabu kinaisha.

"Mimi nasema hivi," Arlene alianza, mkono umezama bogani anachota mbegu. "Humo ndani mwenye akili ni mzee Pell peke yake. Ningekuwa na kopo la meno ningelitundika kwenye basi langu kesho. Yule mzee apewe nishani!"

"Apewe pingu," Marlys akasema.

"Haya, inspekta kaamka."

"Arlene, maboga matano yamejaa meno. Hao mapacha wanajidai wapelelezi, na hakuna hata mmoja anayeuliza haya meno ni ya nani."

"Ya wagonjwa wake! Si kasema mwenyewe? Aliyaweka akiba miaka yote."

"Ndivyo anavyosema yeye."

"Mungu wangu. Mwanamke wewe, hiki kitabu cha watoto!"

"Na mimi nilikuwa mtoto nilipokisoma."

Arlene akautoa mkono bogani. "Basi tuambie. Kwako wewe yalikuwa ya nani?"

Marlys akaendelea kuchonga jicho la boga lake, taratibu. "Nilidhani ni ya watoto wa mji. Kila nyumba yenye boga kibarazani, mna mtoto kapigwa humo, watoto wenyewe wakayaweka pale ili mpita njia aone. Na yule mzee kajitwisha lawama tu ili watu wazima wapate usingizi."

Krista akacheka, kile kicheko cha kuziba ukimya, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa mbegu na utelezi wa boga, hakuwahi kujifunika. Jino la mbele halikuwapo. Ufizi ulikuwa mweusi, bado mbichi.

Marlys akaweka kisu. "Nani kakufanya hivyo?"

"Nilianguka ngazini."

"Ngazi za kwenu zina ngumi?"

"Marlys, taratibu," Arlene akasema.

"Bi Marlys, nakuomba," Krista alisema kwa sauti ya chini. "Yuko nje kwenye pikapu ananisubiri. Tumalizie tu kitabu. Hapa ndipo mahali pangu pa kucheka."

Hawakukimalizia. Mlango ukafunguliwa, akaingia Troy Behrends, kijana mrefu wa kuvutia, kofia mkononi. "Bi Marlys. Mama Arlene," akawaamkia kwa adabu. Kisha akamgeukia mkewe. "Tulisema saa kumi."

"Troy, kaa ule kolachi," Arlene akasema. "Nimekubeba kwenye basi langu tangu unanuka maziwa, hunitishi na saa yako."

Troy akatabasamu. Akakichukua kitabu, akatazama picha ya jalada. "Hiki ndicho? Nyumbani vyombo vimelala, mtoto yuko kwa mama, wewe mtu mzima mzima unasoma habari za maboga?"

"Nakuja, nakuja sasa hivi," Krista akasema. Akainuka kwa pupa, kiwiko chake kikalipiga birika, juisi ya moto ikammwagikia Troy mapajani.

Troy hakupiga kelele. Alizizungusha nywele za Krista kwenye ngumi ya kushoto, akauinua uso wake, akaubamiza kwenye ukingo wa meza. Pua ikapasuka. Damu ikaruka juu ya magazeti, juu ya mbegu.

Arlene akamrukia mgongoni kwa uzito wake wote. Troy akajikung'uta kama farasi, akamtupa kwenye rafu ya vitabu, rafu ikamwangukia.

"Mwache," Marlys akasema.

"Kaa kando, bibi. Huyu ni mke wangu." Akauinua tena uso wa Krista, mkono wake wa kulia ukiegemea meza, vidole vimetanuka.

Marlys akakishika kisu alichochongea boga na kukishindilia kwenye mgongo wa mkono ule. Kilipita kati ya mifupa kikagota kwenye ubao. Troy akalia kilio chembamba, cha kushangaa, akaziachia nywele. Krista akaporomoka sakafuni.

Hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Marlys mwenyewe alilijua hilo, na alilisema baadaye mbele ya kila aliyemuuliza. Troy alikuwa amenyong'onyea, anamwita mama yake. Marlys akakichomoa kisu. Kisha akamchana mkono kutoka kifundoni kupanda juu, mstari mmoja wa mtu wa kiwandani, na mishipa ikaachia, vidole vikalegea vyote kwa pamoja.

"Marlys!" Arlene alipiga yowe kutoka chini ya vitabu. "Basi! Basi, mwenzangu, basi!"

Marlys akabaki amesimama, kisu kimeinuliwa, macho kwenye shingo ya kijana yule, pale chini ya taya anapopajua. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda kilima. Kisha akakitupa kisu mbali, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Krista, uso wote damu, akatambaa. Hakutambaa kwenda kwa Marlys. Alimfikia mumewe, akavua sweta akalizungusha kwenye ule mkono, akageuka na kufoka, "Umemfanya nini mume wangu? Shetani wewe, umemfanya nini?" Akapanda naye gari la wagonjwa, wanashikana mikono.

Mahakamani Krista alisema aliteleza kwenye juisi. Arlene alieleza yote, lakini alipoulizwa juu ya lile pigo la mwisho alitazama chini. Wakili wa Marlys alikuwa amemfundisha aseme aliogopa. Hakimu alipomuuliza, Marlys akajibu, "La kwanza lilikuwa la Krista. La pili lilikuwa langu." Wakili akafunga jalada lake. Marlys akapewa kifungo cha mwaka kwenye jela ya wilaya, na kiwanda kikamfuta kazi. Nani ampe kisu tena?

Mkono wa kulia wa Troy haukushika tena hata kijiko. Wa kushoto ulikuwa mzima. Majira ya baridi, theluji imejaa, aliutumia huo pamoja na mguu wa kiti. Alimpiga Krista alfajiri mpaka mguu wa kiti ukamtoka mkononi, akaenda kuuokota, na katika kuinama kwake Krista akajifungia msalani na Josie, akavunja dirisha, wakatokea huko. Alikimbia pekupeku, mtoto begani, mbavu mbili zimevunjika, mpaka nyumbani kwa Arlene, ambaye alikuwa ndiyo kwanza analipasha moto basi.

Arlene hakupiga simu, hakuuliza. Aliwapakia, akawafunika kwa koti lake, akalielekeza basi la njano kaskazini mpaka Minnesota kwa shangazi yake Krista. Asubuhi ile watoto wa Kesler walisimama vituoni wakiganda. Wakubwa wake walipomwita kumfukuza, aliwaambia, "Wale wengine wote walikuwa na nyumba ya kurudi." Troy naye akaenda na sepetu kuvunja madirisha ya Arlene, akavunja na bega la jirani aliyetoka kumzuia, na polisi wakamkuta palepale kibarazani. Safari hii hakupatikana wa kumsemea. Akafungwa miaka kadhaa.

Krista alikuja jela kumwona Marlys kabla ya barafu kuyeyuka. Pua yake ilikuwa imeungwa upande.

"Kama umekuja kunishukuru, geuza," Marlys akasema.

"Sikuja kukushukuru. Nilidanganya mahakamani."

"Najua."

"Na bado usiku mwingine nakuchukia. Alikuwa fundi seremala, Bi Marlys. Alimchongea Josie kitanda kwa mikono ile. Ulipomkata, nilijua nani atalipia."

Hakuna aliyewahi kumwambia Marlys hivyo. Miaka yote alidhani hasira yake inamuumiza anayeipokea na yeye mwenyewe, basi.

"Nisamehe," akasema hatimaye. "Si kwa kile kisu cha kwanza."

"Nimekuelewa," Krista akajibu. "Ukitoka, utanisaidia kuhamisha vitu vyangu? Namwogopa mama yake."

Marlys akatoka Mei, amepunguziwa kifungo kwa tabia njema. Arlene aliazima lori la mpwa wake, wakaenda watatu. Mama yake Troy, Delores, alikuwa anawangojea kibarazani na nguo ya kanisani, mwanamke mdogo, mkavu. Wakabeba masanduku, mashine ya kushonea, magodoro. Marlys alipotoka na kile kitanda cha Josie mikononi, Delores akamzibia njia, akamzaba kofi. Akamzaba la pili, miwani ya Marlys ikaruka nyasini.

"Umemlemaza mwanangu!" alipiga kelele. "Mnyama! Mwana wa Emil!"

Arlene akashuka kwenye lori. Krista aliganda mlangoni. Marlys alisimama na kitanda kile, mashavu yanawaka, na damu ikamchemka kama zamani. Hakukiweka chini.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni mimi."

Delores akampiga la tatu, nguvu zimemwishia, akakaa kwenye ngazi akaanza kulia kwa kwikwi. Krista akamwokotea Marlys miwani, akamvisha. Wakakipandisha kitanda, wakakifunga kwa kamba, lori likaondoka kuelekea kaskazini. Arlene aliendesha, Krista katikati, na Marlys dirishani, ngumi mbili kwenye mapaja. Alizikunjua walipovuka mpaka wa Minnesota.