Kiprugut wa Daftari la Tatu

Wifi yangu Jerotich ni fundi wa nguo hapa Kiamunyi, na ana ugonjwa mmoja: anaandika riwaya. Angalau ingekuwa ya mapenzi! Ni ya mnyonya damu anayeishi chini ya mlima Longonot, katika nyumba ya mawe iliyoachwa na mzungu. Nilipokuwa mjamzito alinisomea huku akipiga pasi, nami nikiogopa na kucheka, mkono tumboni.

Jitu hilo alilipa jina la babu yake marehemu, Kiprugut. Mzee huyo alikuwa akitoboa shingo ya fahali kwa mshale na kunywa damu ingali moto. Hilo si neno, wazee wote walikunywa. Ubaya wake ulikuwa rungu, na waliolijua ni wake zake.

"Nani atalitaka jina lake?" Jerotich aliniambia. "Hilo lilizikwa na yeye."

Katika madaftari mawili ya kwanza Kiprugut alipita madirishani, akafyonza wachunga mbuzi na mabibi harusi bila kujuta. Katika la tatu angechomwa ndani ya nyumba yake. Wanawake waliokuja kupimwa nguo waliungojea moto huo kwa hamu.

Kisha nikajifungua mtoto wa kiume. Kwetu mtoto huitiwa majina ya waliokufa, na akipiga chafya, aliyetajwa ndiye amerudi. Kogo, nyanya yetu, mjane wa mzee Kiprugut mwenyewe, alimgusisha ugoro puani akataja majina ya marehemu wema wanane. Kimya. Kogo akashusha pumzi, akalitaja jina la mumewe kwa sauti ya chini.

Mwanangu akapiga chafya. Nyumba nzima ikacheka, isipokuwa mimi, Jerotich na Kogo.

"Toa hilo jina kwa kitabu yako," nilimwambia Jerotich jikoni. "Na usimchome! Ukimchoma, unachoma nani?"

"Aki wifi, nikitoa jina, yeye si atabaki tu vile alikuwa? Wacha nimbadilishe yeye mwenyewe."

Basi Kiprugut akaanza kubadilika. Akabisha hodi kabla ya kuingia. Akafyonza kuku badala ya watu. Akamsindikiza mjane hadi kwake, mate yakimtoka, asimguse. Wateja wakanung'unika, "Kwani huyu ameokoka?" Mimi niliamini kwamba kila ukurasa ambamo alijizuia ulimlinda mwanangu. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ningewapata wahenga hao ningewazaba kofi.

Jumamosi iliyopita, mchana, Jerotich alinisomea sura ya mwisho nikinyonyesha. Kiprugut ana njaa ya siku tisa. Anaingia nyumba ambamo mtoto amelala peke yake. Anainamia shingo yake. Jerotich akafunga daftari.

"Endelea."

"Nimefika hapo tu. Sijui atafanya nini."

Ndipo mwanangu akaniuma. Ana jino moja, la wiki hiyo hiyo. Nilipiga yowe nikamtoa. Tone la damu lilikuwa mdomoni mwake. Akalilamba, akanitazama, akacheka.

Kwa kweli nilitaka kumweka sakafuni na kutoka nje. Nikampangusa kwa leso, nikamrudisha kwenye titi.

"Andika aliinua kichwa akaenda zake."

"Na kama hangeenda?"

"Andika, Jerotich!"

Akaandika. Mimi nilifumba macho nikalingoja jino.